Kibao cha Mizani

Mjimwema, Songea
Jumapili, 17 Novemba 1996

Kaka yangu mpendwa Aidan,

Shikamoo kaka. Kabla sijakuuliza afya yako na baridi ya huko Mbeya, naomba niseme neno moja nisije nikalikimbia tena, maana barua hii nimeianza mara tatu na mara zote tatu nimeishia kwenye salamu. Kibao cha baba nilikikata mimi. Si Mzee Daimu. Ni mimi, Hilda, kwa msumeno wako wa chuma uliouacha chini ya kitanda. Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio nililiruka nikataja uvivu na hasira.

Haya, sasa nakusalimia vizuri. Natumaini u mzima, masomo ya chuo yanakwenda, na lile jino limetulia. Huku sisi ni wazima wa mwili. Mama anakusalimu sana, anasema ukipata mtu anayekuja huku umtumie lile koti alishonee vifungo. Baba naye ni mzima, ila hali chakula akakimaliza. Mvua bado, mawingu yanakuja mchana yanatutazama yanaondoka.

Katika barua yako ya mwisho uliniuliza mambo mawili. La kwanza, uliniuliza nimetengenezaje kisanduku cha kengele yangu ya mvua mpaka watu wa maonyesho wakakisifu. La pili hukuniuliza mimi, ulimwandikia baba, naye alitusomea kwa sauti baada ya chakula: kwamba umesikitika kusikia habari ya kibao, na kwamba Wayao ndio walivyo, ukimkaribisha kwako lazima siku moja uhesabu vitu. Mzee Daimu alikuwa nje ya kile chumba alichopanga kwetu, anafunga vikapu vya samaki, na ukuta wetu unaujua. Kaka, maswali yako yote mawili yana jibu moja, ndiyo maana naandika.

Nianzie kwenye kengele. Unakumbuka mwaka jana kimea cha mama kilivyoharibika? Alikuwa ameanika ulezi uliokwisha kuota, jamvi zima, akaenda sokoni Msamala akijua mimi nipo. Nilikuwepo kweli, nasoma ndani, na mvua ya huku ilivyo haipigi hodi. Nilipotoka kimea kilikuwa kinaelea. Mama hakunipiga. Alikiokota kwa ungo punje kwa punje, na mimi heri angenipiga. Basi mwaka huu Madamu Notburga, anayetufundisha fizikia, alipotutangazia maonyesho ya sayansi ya shule za sekondari, sikufikiria sana. Nilitaka kitu ambacho mvua ikigusa tu, kinalia.

Ile redio yetu mbovu uliyokataza isitupwe ndiyo iliyonipa transista mbili na rezista. Kengele niliitoa kwenye saa ya mezani iliyokufa. Juu ya kipande cha ubao nimetandaza nyaya mbili zinazopishana kama meno ya vitana viwili, hazigusani. Tone la maji likidondoka linaziunganisha, umeme kidogo unapita, unaamsha transista ya kwanza, nayo inaamsha ya pili, kengele inalia na taa nyekundu inawaka. Kwa Kiingereza naweza kuyaeleza haya bila kugugumia, kwa sababu nimeyakariri. Ni mambo ya nyumbani kwa Kiswahili ndiyo yananikaa kooni. Umeme ulikatika wiki nzima, nikapasha msumari mnene kwenye jiko la mkaa nikaunganisha nyaya hivyo hivyo, ndiyo maana viungo vingine vina uvimbe. Usinicheke.

Tatizo likawa nyumba yake. Mimi nilitaka kuiweka kwenye kopo la maziwa. Madamu Notburga akakataa, akasema mwaka jana kuna mwanafunzi alileta redio ndani ya boksi, majaji wakafungua wakakuta redio ya dukani imevuliwa ganda. Safari hii, akasema, kila kazi ionekane ndani, na yangu mimi isiingize maji pia. Akanielekeza kwa fundi wa mabango kule Msamala, nikatafute kipande cha ile plastiki ngumu inayoangaza kama kioo. Fundi anaiita perspeksi. Alikuwa na kipande kimoja kama kiganja, chenye ufa, akasema nyingine zinatoka Dar es Salaam, na bei aliyotaja ilinifanya nimshukuru nikaondoka.

Nikarudi nyumbani nikijua ninapoelekea. Kaka, sikuwaza hata kidogo, au niseme niliwaza haraka ili nisisikie ninachowaza.

Kibao unakijua. Kilikaa kwenye banda la mizani la ushirika, baba alipokuwa karani, tangu sisi tukiwa wadogo, plastiki ile ile inayoangaza, maandishi mekundu: MKULIMA SIMAMA HAPA UONE MIZANI. Unakumbuka siku ushirika ulipofungwa na wanunuzi binafsi wakaingia na mizani zao za kuning'iniza, wakati wenzake baba walichukua meza na viti badala ya mishahara yao, yeye alirudi na kibao kimefungwa kwenye gunia. Mama alisema kibao hakiliwi. Baba akakiweka nyuma ya kabati, na kwa miaka miwili sikumwona akikigusa. Buibui alikuwa ameshajenga pale. Nikajiambia kitu ambacho buibui amekimiliki si cha mtu tena.

Nilikusudia kukata nusu tu. Wiki ile baba alikuwa Namtumbo kwa shangazi. Kipande cha kwanza nilikikata kwa pupa, msumeno ukachemka, plastiki ikayeyuka ikaushika msumeno, nilipovuta ikapasuka pembeni mpaka katikati. Nikakata nusu ya pili. Safari hii nilikwenda polepole, nadondoshea maji, na kilikatika vizuri kama sabuni. Maandishi niliyatoa kwa mafuta ya taa na kitambaa. Herufi moja moja, nikianzia mwisho. Nilipofika kwenye MKULIMA mikono ilikuwa myekundu hadi viwikoni, na nikafunga mlango kwa komeo ingawa nyumbani hakukuwa na mtu.

Nilitaka kukikunja, siyo kuunganisha vipande, ili maji yasipate mahali pa kupenya. Nikakishika juu ya jiko kule uani. Kikafanya mapovu ndani kama soda. Hapo ndipo Mzee Daimu alipotoka sokoni na kapu lake kichwani akanikuta.

Unamjua anavyoziba mabeseni yaliyotoboka kwa kisu cha moto. Alitua kapu, akaniambia plastiki ya namna hii haitaki moto, inataka joto, akaniuliza kama huko shule tunafundishwa kuchoma au kusoma. Akachukua kipande cha nondo, akakipasha, akakilaza juu ya mstari niliochora, tukangoja, kisha akaniambia nikunje taratibu kama ninavyofunga kitabu cha mtu mwingine. Kikakunjika kama kilizaliwa hivyo. Tukakunja pande tatu. Kabla ya upande wa nne alikiinua juu kuelekea jua, akakitazama. Akaniuliza baba yangu amekiona? Nikasema bado. Akasema basi malizia, jua linakwenda. Sikuelewa. Nilidhani anaharakisha swala.

Matundu nilitoboa kwa msumari wa moto, skrubu ni zile za redio, kwenye viungo nimemiminia nta ya mshumaa, na mikwaruzo nimeisugua kwa dawa ya meno na soksi. Ukikiona huwezi kujua. Mwenyewe nilikuwa nakitazama usiku kucha kama mtoto mchanga.

Maonyesho yalikuwa mwezi uliopita. Madamu alidondosha tone moja la maji kwa kidole, kengele ikalia ukumbi mzima ukageuka, na mimi nikatamani niingie chini ya meza. Nilipata nafasi ya pili, wa kwanza alikuwa mvulana mwenye mashine ya kuangulia vifaranga. Lakini nataka ujue kuhusu baba. Alikuja na koti lake la kazi, lile la kijivu. Alisimama mbele ya meza yangu, akavaa miwani, akainama akatazama kila waya unapotoka na unapokwenda. Hakunigusa, unamjua. Aliwaambia waliokuwa karibu kwamba huyu ni binti yake, na kwamba kazi ya haki ndivyo inavyotakiwa, mtu asimame aone mwenyewe. Kaka, nilijibana hadi chozi likarudi lilikotoka. Watu walidhani ni furaha.

Siku nne baadaye wakaja wazee wawili kutoka Namtumbo. Wakulima kule wamechoka na mizani za kuning'iniza, wanataka kuanzisha chama chao kidogo, na wamekubaliana karani wa mizani awe baba, maana hajawahi kumwibia mtu hata ratili. Sijamwona baba akicheka vile tangu ushirika ufe. Akawaambia hatakuja mikono mitupu, kibao anacho. Akaingia chumbani. Tukamsikia akisogeza kabati. Akatoka na gunia tupu.

Akauliza uani pale, kwa sauti ya kawaida tu, nani amechukua kibao chake. Mimi nilikuwa kwenye mtungi nachota maji ya wageni. Kata ilinitoka mkononi ikazama. Mzee Daimu alikuwa kizingitini kwake, akanitazama, kisha akamgeukia baba akasema kwa sauti kubwa, wewe Mngoni wangu wa kununua, unauliza nini, nimekichukua mimi, nimekiuza nikununulie sanda, maana naona umezeeka na huna hata shuka la kuzikiwa. Wageni wakaangua kicheko. Baba naye akacheka, akasema Myao huyu babu zake tuliwafukuza hadi mto Ruvuma, leo amerudi kulipiza kwa kibao, basi atalipa jogoo. Mzee Daimu akasema jogoo utakula mifupa. Ndivyo walivyo watani hawa siku zote, unajua mwenyewe, bibi alipofariki ni yeye aliyelala ndani ya kaburi akidai hatoki mpaka apewe sabuni, na baba akacheka katikati ya msiba.

Kesho yake baba akamwuliza tena, safari hii pembeni, akasema utani umetosha, wazee wanangoja. Mzee Daimu akamwambia kibao amekaangia samaki. Baba hakucheka. Siku ya tatu jirani yetu Bartolomeo, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, akamwambia baba kwamba Jumamosi moja alimwona Daimu akienda stendi na kitu bapa kimefungwa kwenye kanga. Kilikuwa kioo cha kujitazamia cha binti yake Chiku, anayeolewa Tunduru. Mzee Daimu alimweleza hivyo. Baba akajibu kwamba amekwisha kukiri mwenyewe mbele ya wageni, na mara ya pili akakiri tena, sasa akiulizwa kwa ukweli ndiyo anapata kioo. Halafu akalisema lile neno. Mwizi. Alilisema bila kucheka, taratibu, kama anasoma kilo. Akampa hadi mwisho wa mwezi aondoke chumbani.

Tangu siku ile, kaka, Mzee Daimu hamtukani baba tena. Asubuhi anamsalimia, habari za kuamka Mzee Rupert, na kupita. Mzee Rupert! Miaka tisa hajamwita jina hilo. Baba anajibu nzuri, halafu anakaa na chai mpaka inaingia utando. Jana nilimwona amesimama dirishani anawatazama Mzee Daimu na mkewe wakifunga mizigo, na nadhani alikuwa anangoja atukanwe. Ni adabu ile inayomuua. Nyumba nzima imejaa adabu, mama anasema hata kuku wanakwenda kwa vidole.

Na mimi nilinyamaza. Nataka uelewe siyo kwamba sikuona. Kila asubuhi nilisema leo. Nilikuwa nakwenda hadi mlangoni kwa baba, naona anavyokunja stakabadhi zake za zamani mara tatu mara tatu kama alivyokuwa akifanya kazini, ulimi unakuwa wa ubao. Narudi. Nikajiambia watapatana wenyewe, ni watani.

Sasa sikiliza lililotokea jana, kwa sababu ndilo lililonikalisha hapa. Wameamua hawangojei mwisho wa mwezi, wanapanda basi la Tunduru Jumanne. Nilikwenda kumsaidia mkewe, Mama Zulfa, kufunga vyombo. Alinipa vikombe nivifunge kwenye magazeti, nikawa navigonganisha vinaimba. Mzee Daimu alikuwa anakaza kamba ya kapu. Akamwambia mkewe aende akaangalie jogoo. Tulipobaki wawili, bila hata kunitazama, akaniambia nisivunje vikombe vya watu kwa sababu ya kitu ambacho yeye alikijua tangu siku ya nondo.

Kaka, alijua. Alipokiinua juani aliyaona maandishi. Nilikuwa nimetoa rangi, lakini jua la miaka mingi lilikuwa limefifisha plastiki yote isipokuwa chini ya herufi. Ukikitazama mezani huoni kitu. Ukikiweka kwenye mwanga unayasoma. Nilikimbia nikakichukua kisanduku nikakiinua dirishani, na pale ubavuni, kichwa chini, nikaona UONE MIZ.

Nilirudi nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema aliniona pale mtungini uso umekuwa wa majivu, akafikiri, mimi ni mtani, mtani akiiba haitwi polisi, anatozwa jogoo, jogoo analiwa na wote, habari imekwisha, na mtoto atakuja kumwambia baba yake siku akikua. Hata jogoo alikuwa ameshamchagua, yule mwekundu mwenye kilemba. Hakujua kwamba kile kibao kilikuwa kizito kuliko utani. Akasema kosa ni lake pia, aliubebesha utani mzigo usio wake. Nikamwomba, Mzee, nenda ukamwambie baba sasa hivi kwamba ni mimi. Akatikisa kichwa. Akasema mdomo wake kwa Rupert umekwisha kufilisika, akisema ni mtoto wako ataitwa mwizi na mwongo juu. Halafu akasema jambo moja tu la mwisho, nisikivunje kisanduku kwa hasira, maana mvua iko karibu na mama yangu ameanika.

Jogoo amefungwa pale kwenye mpera mpaka sasa hivi. Wamesema hawaendi naye, ni wa Rupert, alikwisha kutozwa.

Basi hiyo ndiyo habari ya kisanduku, na ndiyo habari ya kibao. Nilikuwa nimekusudia kukuomba wewe umwandikie baba, maana wewe unajua kupanga maneno na yeye anakusikiliza. Nikapiga hesabu. Barua kufika Mbeya siku tano, yako kurudi siku tano nyingine. Basi la Tunduru ni keshokutwa. Kwa hiyo sikuombi. Ninachokuomba ni kitu kimoja, umwandikie Mzee Daimu mwenyewe uombe radhi kwa yale maneno ya Wayao. Sijui utamwandikia anwani gani. Natumaini ni hii hii yetu.

Mama na baba wanakusalimu, hawajui nimeandika. Madamu Notburga anauliza kama umemaliza kile kitabu chake cha saketi. Usiache kula. Ukija Krismasi uniletee risasi ya kuunganishia, hata kipande cha dole gumba.

Ni mimi mdogo wako, mwenye ulimi mzito,
Hilda

Kaka, nilikuwa nimekwisha kusaini. Baba ametoka kwenye jumuiya, nasikia katambuga zake za matairi kwenye changarawe, anakuja upande huu. Tangu asubuhi kila nikisikia hatua naisukuma karatasi chini ya atlasi, hata alipopita paka. Sasa hivi mkono ulikuwa umeshaanza. Nimeurudisha. Kisanduku nimekiweka dirishani, jua la saa kumi linakipita katikati, na barua naiacha hapa mezani mbele yake, imekunjuliwa, ukurasa wa kwanza juu.

Mimi, unajua, hukunja barua mara mbili. Ukiipata hii imekunjwa mara tatu, ujue imepitia mikononi mwa baba.